Spika kuukuu zinauawa na raba na kapasita, si uzee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji wanaonunua spika za mtumba, zile zinazoshushwa kutoka Ulaya, Japani na Dubai na kupangwa juu ya turubai kando ya barabara Kariakoo, Ilala na kwingineko. Spika nzuri zinaharibiwa kila siku jijini hapa kwa jina la matengenezo. Mtu ananunua jozi ya spika za miaka ya 1980, anafika nyumbani wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito, inakwaruza, anampelekea fundi. Fundi anang'oa wufa na kufunga nyingine mpya ya bei rahisi yenye sumaku kubwa nyuma. Wufa ya asili inaenda kwenye kilo za chuma chakavu. Boksi linarudi na kishindo kingi, sauti ya mwimbaji imezama, na mwenye mali anaambiwa spika za zamani ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo, na inauma kuona kitu kizima kinatupwa kwa sababu ya kipande cha sponji.

Spika inayouzwa dukani leo inafanya kazi kwa kanuni ileile ambayo Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, waliieleza mwaka 1925: koili ya waya inacheza ndani ya nguvu ya sumaku na kuisukuma koni, ile sehemu pana ya mbele inayotikisika. Sumaku nyeusi ya kawaida haichoki kwa kiasi cha kusikika. Shaba ya koili haichakai kwa kukaa tu. Karatasi ya koni, isipolowa wala kutobolewa na mende, inamshinda mwenye nyumba umri. Vinavyokufa ni viwili: raba ya sponji inayoizunguka koni, na kapasita, kifaa kidogo cha umeme kinachoilisha twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Sponji ile inaliwa na unyevu na mwanga wa jua. Huko ilikotoka huwa imeshatumikia miaka 15 au 20, na hewa ya pwani yetu inamalizia kazi. Vyote viwili vinabadilishika kwa fedha ndogo.

Ukienda kununua, beba mita ya kupimia umeme, bisibisi ya nyota na betri ndogo ya volti 1.5. Usianze kwa kusikilizishwa. Muuzaji ataweka wimbo wenye besi nzito, atafungua sauti hadi mwisho, na katika kelele za mtaa hutagundua kasoro yoyote. Anza kwa kutoa kava la kitambaa la mbele. Gusa raba kwa ncha ya kidole. Ikiacha ungaunga mweusi unaonata, imekufa. Ikiwa ni mpira halisi, laini na unaorudi ukiubonyeza, una bahati. Ikiwa ni kitambaa chenye mikunjo kilichopakwa dawa, hicho hudumu miaka mingi kuliko vyote. Sponji iliyokufa si sababu ya kuacha spika. Ni sababu ya kushusha bei, na uitumie sawasawa.

Kisha weka vidole vya mikono yote miwili kuizunguka kofia ya katikati ya koni na sukuma polepole milimita 3 au 4, pande zote sawa. Ikienda kimya, koili iko salama. Ikikwaruza, angalia kwanza kama raba imekatika upande mmoja, maana koni isiyoshikwa inainama yenyewe na kuisuguza koili. Inyanyue kidogo iwe sawa ujaribu tena. Ikikwaruza hata hapo, koili imevimba kwa joto au sumaku imehama kwa kuangushwa. Hiyo iache, hata ukipewa kwa bei ya soda.

Sasa mita. Iweke kwenye omu, yaani upande wa kupima ukinzani wa umeme, kipimo cha chini kabisa, gusanisha ncha zake uone zenyewe zinasoma ngapi. Mita za bei rahisi huonyesha 0.2 hadi 0.5, na hiyo utaitoa kwenye hesabu. Wufa iliyoandikwa omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 6 husoma 4.5 hadi 5 na kitu. Ya omu 4 husoma kati ya 3 na 3.8. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, au waya laini unaoelekea kwenye koni umekatika, na huo wa pili unalehemika. Ikisoma karibu na sifuri, koili imeungua na kushikana.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika: ukipima kwenye matundu ya waya nyuma ya boksi, unapima wufa peke yake. Kapasita inazuia umeme wa betri ya mita usifike kwenye twita, kwa hiyo twita inaweza kuwa imeungua na mita ikaonyesha kila kitu kizuri. Fungua skrubu za twita, itoe, chomoa waya wake mmoja, uipime yenyewe. Muuzaji akikataa usifungue, hesabu kwamba twita imekufa na toa bei ya spika isiyo na twita. Kufungua kuna faida nyingine: maboksi mengi yaliyokuwa ya redio za seti yana duara la tatu mbele ambalo ni pambo tu la plastiki, halina kitu nyuma.

Betri ni ya kujua chanya na hasi. Gusisha chanya ya betri kwenye waya unaodhani ni chanya, hasi kwenye mwingine, kwa kufumba na kufumbua tu. Koni ikiruka nje, umepatia. Ikiingia ndani, geuza. Fanya hivyo kwa wufa, usifanye kwa twita. Spika za zamani za Ulaya, kama za Philips na Grundig, mara nyingi huja na plagi ndogo yenye pini moja ya duara na nyingine bapa. Ya duara ni chanya, bapa ni hasi. Usiikate plagi kabla ya kuweka alama kwenye waya.

Kubadilisha raba ndiyo kazi inayoharibiwa zaidi, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kidogo.

Raba haiagizwi kwa kusema "inchi nane". Wufa mbili za inchi nane zinaweza kupishana sentimita nzima kwenye koni. Pima kwa milimita vipimo vitatu: upana wa koni ukingo kwa ukingo, upana wa tundu la fremu kwa ndani, na upana wa mahali raba inapokalia fremu, kutoka nje hadi nje. Angalia pia kama raba ya asili ilikalia juu ya koni au chini yake, na kama ukingo wake wa ndani ulikuwa bapa au wa mteremko. Piga picha kabla ya kubandua chochote.

Bandua mabaki kwa kisu butu, taratibu, usiichane karatasi. Gundi ya zamani kwenye fremu ilainishe kwa spiriti na kitambaa. Petroli na tina usisogeze, zinalowesha koni na kuyeyusha gundi inayoishika koili. Kwa koni ya karatasi tumia gundi nyeupe ya mbao. Kwa koni ya plastiki gundi hiyo haishiki, tumia gundi ya mpira wanayotumia mafundi viatu, upake nyembamba pande zote mbili na usubiri ianze kunata; ukishagusanisha huna nafasi ya kurekebisha. Supa gluu ikae mbali kabisa. Inakuwa ngumu kama kioo, inapasuka ukingoni na kuchana raba mpya ndani ya miezi michache.

Bandika raba kwenye koni kwanza. Zungusha kidole pole pole hadi ishike pote, halafu iache masaa mawili au matatu. Baada ya hapo ndipo upake gundi kwenye fremu, na hapa kuna jambo lote la ufundi huu: koili inacheza ndani ya mwanya ambao kila upande hauzidi unene wa karatasi chache, na raba ndiyo inayoamua itakaa katikati au la. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuikata kofia ya katikati kwa wembe, ukiacha ukingo mdogo wa kuibandikia baadaye, na kuchomeka vipande vinne au sita vya filamu ya zamani ya eksirei, upana wa sentimita 1 na urefu wa 5 hivi, kati ya koili na chuma cha katikati. Vinakaza sawa kila upande, koili inakaa yenyewe katikati, unabandika raba bila wasiwasi. Ya pili haihitaji kukata kitu. Gundi ikiwa bado mbichi, unganisha wufa na amplifaya, toa mlio wa hezi 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde, kwa programu ya simu, fungua sauti kidogo sana hadi koni icheze kama milimita 2 au 3, na usikilize ukiwa umeinamisha sikio. Ukisikia mkwaruzo, sogeza ukingo wa raba kidogo kwenye fremu, upande mmoja kisha mwingine, hadi mlio uwe laini kabisa. Kisha zima, kandamiza ukingo kwa vibanio vya nguo pande zote na uache saa 24. Wakati wa masika weka saa 48, maana gundi nyeupe inakauka kwa kupoteza maji na hewa ya Aprili hapa Dar haipokei maji haraka.

Usikubali kuwekewa tyubu ya baiskeli, ngozi ya kochi wala fulana iliyopakwa silikoni badala ya raba. Kitu kigumu kuliko raba ya asili kinaizuia koni kucheza kwenye sauti za chini, na besi ndiyo inayoondoka kwanza. Halafu badilisha zote mbili, kushoto na kulia, hata kama moja bado inaonekana nzima. Zilizeeka pamoja.

Kapasita ni hadithi fupi zaidi lakini ndiyo inayorudisha uhai kwenye sauti. Ndani ya boksi, nyuma ya matundu ya waya au kwenye kibao kidogo, utaikuta kapasita ya duara kama betri ndogo iliyoandikwa namba na "NP" au "BP", maana yake haina chanya wala hasi. Ndiyo inayozuia sauti nzito zisifike kwenye twita. Ndani yake mna kimiminika kinachokauka kwa miaka, na inapokauka sauti ya matoazi, ya kayamba na herufi za "s" na "sh" za mwimbaji zinafifia kama vile kuna blanketi mbele ya spika. Watu wengi hudhani twita imechoka, kumbe ni mlinzi wake.

Nenda duka lolote la vifaa vya umeme uombe kapasita ya feni ya dari. Ndiyo, ya feni. Nyingi ni za filamu ya plastiki, hazina kimiminika cha kukauka, hazina chanya wala hasi, na zinastahimili volti 400 na zaidi wakati spika ya nyumbani haifiki hata 50. Ziko za maikrofaradi 1.5, 2.5, 3.5 na kadhalika. Ukiziunga sambamba, yaani ncha za upande huu pamoja na za upande ule pamoja, zinajumlishwa. Spika ikitaka 3.3, yaani namba iliyo kwenye kapasita yake ya zamani, ya 3.5 inatosha. Ikitaka 4.7, unga tatu za 1.5 upate 4.5. Ikitaka 6.8, mbili za 3.5. Tofauti isizidi asilimia 10. Nunua mpya, usichukue iliyotolewa kwenye feni iliyopunguza kasi, kwa sababu feni kupunguza kasi ni dalili hasa ya kapasita iliyopungua.

Namba hiyo si ya kubahatisha. Kapasita ya 3.3 kwa twita ya omu 8 inaanza kuruhusu sauti kutoka karibu hezi 6,000 kwenda juu. Fundi akiweka ya 6.8 kwa sababu ndiyo aliyonayo, mpaka unashuka hadi hezi 3,000 hivi, twita inapewa kazi ambayo haikuumbwa nayo na inaungua kwenye sherehe ya kwanza. Akiweka ndogo, katikati ya wufa na twita kunabaki pengo na sauti za wanawake zinasikika mbali. Kapasita mpya ikifanya twita iwe kali kuliko unavyopenda, unga rezista ya omu 1 ya wati 5 mfululizo nayo, kwenye njia ileile ya waya. Kwenye spika kubwa utakuta pia kapasita za 33 au 47 upande wa wufa. Hizo feni haziwezi kukusaidia, tafuta zilizoandikwa "NP" za thamani ileile.

Boksi nalo lina tabia yake. Kuna yaliyofungwa kabisa na kuna yenye tundu la bomba mbele au nyuma. Yaliyofungwa yalipata umaarufu tangu kampuni ya Acoustic Research ya Marekani ilipoanza kuyauza mwaka 1954, na hewa iliyomo ndani ndiyo springi ya wufa. Kutoboa tundu kwenye boksi la namna hiyo "ili besi itoke" ni kuikata springi: koni inakosa kizuizi, inapiga hadi mwisho na koili inagonga chuma. Jaribio lake ni rahisi. Isukume wufa polepole na uiachie. Boksi lililofungwa vizuri linairudisha taratibu. Ikirudi ghafla, hewa inavuja. Sababu kwa kawaida ni sponji ya chini ya fremu iliyooza, na kipande cha sponji ya kubandika milangoni kinamaliza tatizo. Kona za chipibodi zilizoachana zibandike kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo, kaza kwa kuzungushia utepe wa tyubu ya gari, acha siku nzima. Iliyovimba kwa kulowa hairudi tena. Ipeleke kwa maseremala wa Keko ikatengenezwe upya kwa ubao wa MDF wa milimita 18, lakini sharti ujazo wa ndani ubaki uleule: zidisha urefu, upana na kina vya ndani kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, hizo ndizo lita zake.

Ndani ya boksi lililofungwa weka pamba ya polista ya kujazia mito, gramu 10 hivi kwa kila lita. Boksi la lita 30 linapata gramu 300. Ichambue iwe nyepesi, isishindiliwe. Sufi haifai, inashuka chini na kuvuta wadudu. Boksi lenye tundu la bomba usilijaze. Bandika sponji ya sentimita 2 ukutani kwa ndani na uache njia ya bomba wazi.

Kuhusu waya, usitoe fedha nyingi. Waya laini wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule wa kufungia taa za nyumba lakini wenye nyuzi nyingi, kwa mita 5 kwenda na kurudi una ukinzani wa karibu omu 0.12, kiasi ambacho spika ya omu 8 haikihisi. Tatizo ni waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba, umejaa sokoni. Kwangua uzi mmoja kwa wembe; ukiona weupe chini, urudishe. Na kwa sababu ya chumvi ya bahari, ncha zinageuka kijani. Kila mwaka kata sentimita 1, menya upya.

Amplifaya iwe kitu cha mwisho kununua, na ndipo penye hatari ya moto. Kabla ya kuchomeka chochote kutoka Japani, soma nyuma. Ikiandikwa "AC 100V", umeme wetu wa volti 230 utaichoma transfoma yake ndani ya dakika. Inahitaji transfoma ya kushusha, na bei ya transfoma iingize kwenye bei ya amplifaya wakati wa kupatana. Ikiwaka, usiunge spika bado. Weka mita kwenye volti za moja kwa moja (DC), pima kwenye matundu ya spika bila muziki. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikizidi 100, kuna kitu kimeharibika ndani. Ikiwa ni volti nyingi, kama 20, wufa utakayoiunga itaanza kutoa moshi.

Asiye na amplifaya anaweza kutumia kibao kidogo chenye chipu ya TPA3116D2, kinachopatikana kwa wauza vifaa vya elektroniki Kariakoo, na chaja ya laptop ya volti 19 na ampea 3 au zaidi. Kwa spika za omu 8 unapata kama wati 20 kila upande, na kwa sebule ya kawaida hizo ni nyingi. Usikilizaji wa heshima hautumii zaidi ya wati 2. Ila zingatia jambo moja. Kibao cha namna hii hakina hasi ya pamoja. Ukiziunganisha hasi za spika mbili ili kuokoa waya mmoja, kama mafundi walivyozoea kwenye redio za zamani, umekiua. Nyaya nne, kila moja peke yake.

Wala usiunge spika nne kwenye matundu ya mbili kwa sababu tu una spika nne. Mbili za omu 8 sambamba zinakuwa omu 4, na mbili za omu 4 zinakuwa 2, amplifaya inachemka na kukata. Zile namba za maelfu ya wati "PMPO" zilizobandikwa kwenye masabufa hazina maana yoyote. Geuza nyuma usome mashine inakula wati ngapi kutoka ukutani. Inayokula 60 haiwezi kutoa 1,000. Na kinachoziunguza twita nyingi za mjini ni amplifaya ndogo iliyofunguliwa hadi mwisho: ikiishiwa nguvu inakata vichwa vya mawimbi, na mabaki yake makali yote yanaangukia kwenye twita. Ukisikia sauti inaanza kuchanika, rudisha nyuma hapo hapo.

Mahali pa kuweka spika hapagharimu kitu, na mabadiliko yake yanasikika kuliko ya waya wowote. Zitoe ndani ya kabati la televisheni. Tundu la kabati linaongeza sauti moja tu ya chini na kila wimbo unavuma namna ileile. Tofali la inchi 6 likisimamishwa wima linakupa kimo cha inchi 18. Weka spika juu yake, na katikati weka vipande vinne vya ndala iliyochakaa, sentimita 3 kwa 3, ili boksi lisitetemeshe tofali. Kama twita bado iko chini ya masikio ya aliyekaa kwenye kochi, ongeza unene wa ndala mbele ili spika itazame juu kidogo. Acha sentimita 20 hadi 50 kutoka ukutani. Ukizisukumia pembeni kabisa ya chumba besi inaongezeka lakini inavimba, ukizivuta mbele inapungua na kueleweka. Sogeza kidogo kidogo, sikiliza, sogeza tena. Nafasi kati ya spika na spika iwe sawa na nafasi kutoka kila moja hadi unapokaa. Mita 2 zinatosha.

Nyumba zetu za tofali, vigae chini na jipsamu juu zina mwangwi mkali. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio unaofuata kama wa chuma, ndio unaoiharibu sauti ya twita. Zulia kati yako na spika, mapazia mazito na kochi la kitambaa vinaumeza. Kanga moja iliyotundikwa ukutani haifanyi kitu. Vioo vya luva vinavyotetemeka vibane kwa vipande vya karatasi nene kabla ya kulaumu spika.

Mwisho jaribu kwa sikio. Chukua wimbo wa dansi kati ya zile zilizorekodiwa zamani na Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyingi zilirekodiwa kwa njia moja, mono, kwa hiyo sauti ya mwimbaji inapaswa kusimama katikati kabisa, mahali pasipo na spika. Ikiwa imetawanyika huku na huko na besi imekonda, spika moja imeungwa kinyume. Geuza waya wake. Ikiegemea upande mmoja, twita au kapasita ya upande wa pili bado haijapona. Kisha fuatilia gitaa la rithimu nyuma ya solo. Kwenye sabufa yanachanganyika kuwa kitu kimoja. Kwenye jozi iliyotengenezwa vizuri unaweza kulifuata kila moja hadi mwisho wa wimbo.

Ninawaomba wauzaji wa vipuri wa Kariakoo waanze kuandika raba kwa milimita za koni na fremu, si kwa inchi peke yake, na waweke kapasita za filamu kwenye rafu za spika. Na mafundi wenzangu: mteja akileta wufa yenye raba iliyokufa, mwambie bei ya raba kwanza. Akichagua wufa mpya, mrudishie ile ya asili mkononi pamoja na kapasita yake, mali ni yake.

Wako katika ufundi,

Fundi redio,
Buguruni, Dar es Salaam